Kabla Hujawasha Jiko la Boti

Hilda,

Barua za kwetu huanza na "natumaini u mzima wa afya". Mimi sina haja ya kutumaini, nakusikia unakoroma chumba cha pili, na masanduku yako mawili yamenizibia njia ya jikoni. Nimeshayaruka mara tatu. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Cha kuongea hakikupi shida, lakini cha kusoma unakiendea taratibu, mstari kwa mstari, na hii barua nataka uisome hivyohivyo. Usiipitishie macho kama zile meseji zangu ndefu unazonijibu kwa kidole gumba juu.

Masweta, dawa za mafua, unipigie ukifika, hayo nimeyasema mpaka ukanikumbusha kwamba una miaka ishirini na tano. Haya, yamekwisha. Nina jambo moja tu nililokuficha miaka minne. Nikibaki nalo, naogopa litakuua. Nikikupa, naogopa hutanitazama tena usoni. Nimelipima wiki nzima, kazini, kwenye foleni ya barabara ya Katy, kanisani wakati mchungaji anahubiri na mimi simsikii. Bora nikupoteze ukiwa hai.

Habari za hiyo boti yako ya Uingereza unazijua kuliko mimi, sitajifanya. Umenionyesha picha zake ikiwa imetolewa majini, ndefu kama basi la shule, nyembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Umenionyesha yule mkaguzi anavyoigonga tumbo kwa nyundo kusikiliza kama chuma bado ni kinene. Umenieleza kwamba kila baada ya miaka michache lazima ipandishwe nchi kavu, isuguliwe kutu, ipakwe lami upya. Kwamba kila jioni ukizima injini utazungusha kikopo cha grisi pale mhimili wa pangaboi unapotokea, ili mfereji usije ukaingia ndani kulala na wewe. Kwamba hutakuwa na eneo la kudumu la kuifunga, kwa hiyo kila wiki mbili utang'oa nanga na kuhama, binti yangu niliyemsomesha kompyuta, mhamaji kama mchunga ng'ombe. Umenieleza na habari za choo, hizo sitazirudia. Nilikucheka sana, nikakuita kichaa. Lakini nilikuwa nakusikiliza, na nilijua umelitoa wapi hilo pepo la boti. Umelitoa kwa mjomba wako.

Kuna kitu kimoja hujawahi kunieleza, kwa sababu wewe hukioni kama ni kitu.

Unakumbuka Oktoba, ile wiki uliyonipeleka Uingereza tukakodi boti ya majaribio, ili uone kama utayaweza maisha hayo? Unakumbuka nilivyokuwa mkorofi. Kwenye yale malango ya mfereji ya kupandishia boti kwa maji ulinipa ule mkono wa chuma nizungushe, nikazungusha huku nikikutukana, maji yanamiminika, boti inapanda taratibu na wewe umesimama nyuma umeshika usukani wa fimbo kama nahodha wa meli ya kivita. Ulinipigia kelele, "Mama, not yet!" nami nikajibu sijazaliwa jana. Siku mbili za mwanzo zilikuwa nzuri, Hilda. Sikukuambia. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Siku ya tatu ikanyesha. Tulifunga boti ukingoni mwa mfereji, ukawasha lile jiko dogo la chuma la makaa, likawaka kwelikweli. Ukaanza kukaanga vitunguu vya pilau. Alamu ya moshi ikalia. Hukugeuka hata kuitazama. Ulinyoosha mkono, ukaizungusha, ukaitoa darini, ukachomoa betri kwa ukucha, ukaitupa kwenye droo ya vijiko, ukaendelea kukoroga. Na wimbo uliokuwa unaimba haukukatika.

Ule mkono ni wangu. Ni mimi niliyekufundisha bila kukufundisha. Umekulia kwenye nyumba ambayo alamu ya ukumbini ilikuwa imevalishwa kofia ya plastiki ya kuogea, kwa sababu mama yako anakaanga samaki na hataki kelele. Nyumba gani ya Mtanzania hapa Texas ambayo alamu yake haijavishwa mfuko? Tukitembeleana tunachekana. Kwa akina fulani inatoa mlio wa betri iliyokwisha, twii, twii, mwaka mzima, wenyewe hawaisikii tena.

Nilikupigia kelele uirudishe. Ukasema, "Mom, it's just onions." Nikafungua mlango wa mbele, nikafungua wa nyuma, nikafungua madirisha, mvua ikaingia mpaka kitandani. Ukasema tutakufa kwa baridi. Nikaichukua ile alamu kwenye droo nikashindwa kuitia betri. Ukanitazama kama unamtazama mgonjwa wa akili, ukaitia wewe. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, mvuani, nimejifunika koti lako, mpaka jiko lilipozimika. Siku mbili hukunisemesha vizuri. Uliponiuliza nina nini nikasema nina pumu, ya utotoni, imeamka. Sijawahi kuwa na pumu.

Mjomba wako Aidani hakufa kwa ugonjwa wa moyo.

Nimeandika huo mstari nikanyanyuka kunywa maji. Nimerudi, bado upo.

Aidani nilimbeba mgongoni kule Muheza, mimi nina miaka minane. Alipokuja huku nilimtafutia chumba kwangu Katy, akakataa, akasema hawezi kukaa nyumba moja na mtu anayemkumbuka alipokuwa anakojoa kitandani. Akaenda zake Haltom City, akawa fundi wa mashine za kupoozea hewa, anapanda mapaa ya watu Julai jua likiwa kali la kumbabua mtu. Na akajinunulia boti. Bila kuniuliza! Boti ya kulala, kuukuu, huko ziwa Texoma, mbao za ndani zimelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Akaiita Mama Mkwe. Alisema kila ukimtembelea ana lalamiko jipya, hashibi, na huwezi kumwacha kwa sababu umeshaoa.

Wewe ulikuwa chuo, Richardson. Kila Ijumaa anakupitia, mnakwenda kumhudumia huyo mama mkwe wenu. Huko ndiko ulikojifunza kutoa hewa kwenye bomba la mafuta, kubadilisha kile kigurudumu cha mpira cha pampu ya maji, kujua kwa kusikiliza tu kama injini ina njaa au ina kiu. Mimi nilikuwa naendesha kutoka Katy, mwendo wa saa tano na zaidi, masufuria yamefungwa mikanda kwenye viti vya nyuma, nikifika nawasema: mnanunua kutu, mnalea kutu, mtazikwa na kutu. Anacheka, anasema, "Dada, kaa hapo, nyamaza, tazama maji." Nakaa. Nilikuwa nasubiri hizo wikiendi kuliko sikukuu yoyote, na sikuwahi kumwambia hata siku moja.

Ile Jumamosi ya Novemba wewe hukuja, ulikuwa na mtihani Jumatatu. Nilikwenda mimi, niliondoka Katy usiku nikafika asubuhi na mapema. Upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma, wenye baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno. Jenereta ilikuwa nyuma ya boti, inaendesha hita ya umeme na jiko. Ekzosi yake ilikuwa na ufa. Aidani aliufunga kwa kipande cha bati na waya, akasema wiki ijayo analeta bomba jipya. Mashine za watu anatengeneza siku hiyohiyo, yake wiki ijayo. Wanasema mganga hajigangi. Sisi tulikuwa waganga wawili ndani ya boti moja, fundi na nesi.

Upepo ulikuwa unapenya chini ya mlango wa nyuma. Nikachukua taulo ya bluu nikaziba. Ni mimi niliyeziba. Nikazunguka na madirisha, kila penye upenyo nikasokota tambara nikachomeka, najisifu, nasema wanaume mnaishi kama kuku. Halafu nikaanza kupika chapati.

Alamu ikalia. Nikapanda kwenye kigoda, nikaitoa ukutani, nikachomoa betri. Nikasema, "Haya, na mama mkwe mwenyewe kaamka." Aidani alicheka mpaka akakohoa. Nikaitia kwenye droo ya vijiko.

Sijui mpaka leo kama ilikuwa inalilia chapati zangu au inalilia kilichokuwa kinatoka kwenye ule ufa. Nimejiuliza mara nyingi mno. Alamu za namna ile zinalia kwa moshi, na zinalia kwa ile gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mlio wa moshi na mlio wa gesi haifanani, imeandikwa mgongoni kwa maandishi madogo. Sikusoma. Nani anasoma?

Tulikula. Baada ya kula Aidani akashika kipaji cha uso akasema, "Dada, kichwa kinanigonga." Na mimi nikamjibu hata kabla hajaufunga mdomo: "Kunywa maji, ulale."

Sikiliza, Hilda, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Mimi ni nesi. Ukoo mzima unanipigia simu, wa Tanga, wa Dar, wa Houston, wa Dallas. Tumbo, jino, mtoto ana homa, mama kaanguka bafuni. Nimezoea kuwajibu nikiwa naosha vyombo, simu imebanwa begani. Kunywa maji, lala. Mara nyingi inatosha, na watu wananishukuru, wananiona bingwa. Angekuwa mgeni, ameletwa wodini kwangu, ningemwuliza kimeanza saa ngapi. Ningemwuliza kuna mwingine mlikuwa naye chumba kimoja anaumwa kichwa. Ningelazimika kumwuliza, ni swali la msingi kabisa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Na jibu lingekuwa ndiyo, kwa sababu mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinaniuma tangu saa nne asubuhi. Nilidhani ni uchovu wa barabara.

Lakini hakuwa mgeni. Alikuwa mdogo wangu, na wadogo zetu hatuwapimi, tunawaamrisha.

Akanywa maji. Akalala kwenye kile kitanda cha nyuma, upande wa jenereta. Nikamfunika shuka, nikamwongezea blanketi. Nikasema nakwenda dukani kutafuta tui la kopo, jioni nimpikie wali wa nazi. Nilipotoka niliuvuta mlango vizuri, nikahakikisha umeshika, asipigwe na baridi.

Njiani kichwa changu kikapona. Nikajiambia, umeona, nilihitaji hewa tu. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, na bado halikuniingia akilini. Nikanunua tui. Rafiki yangu akanipigia, mambo ya kamati ya harusi, nani atashika mapambo, nikakaa kwenye maegesho ya duka nikibishana habari za rangi za vitambaa. Nilibishana muda mrefu. Nilishinda.

Niliporudi jenereta ilikuwa bado inanguruma. Nilipofungua mlango nilijua kabla sijafika kitandani. Nilimvuta kwa mabega mpaka nje, sijui nguvu nilipata wapi, alikuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi. Nikamkandamiza kifua, nikampulizia, nikamkandamiza, nikamwita kwa jina la utotoni. Watu wa boti ya jirani wakapiga simu. Gari la wagonjwa lilipofika mimi bado nakandamiza, mama mmoja mhudumu akanishika mikono akanitoa juu yake taratibu. Akaniuliza, "Kulikuwa na alamu ndani?"

Nikamwambia, "Haikulia."

Huo ndio uongo wa kwanza. Ulitoka wenyewe, laini, kama vile ulikuwa umekaa tayari. Watu walipokuwa wanamshughulikia nikaingia ndani, nikafungua droo, nikaitia ile alamu kwenye mkoba wangu pamoja na betri yake. Siku ya pili, nikirudi nyumbani, nilisimama kituo cha mafuta Corsicana nikaitupa kwenye pipa la taka. Nikanunua kahawa. Nikaendelea na safari.

Ripoti ya daktari ilikuja kwangu, mimi ndiye ndugu wa karibu. Imeandikwa wazi, ni ile gesi. Ninayo, iko kwenye bahasha ya kahawia chini ya vitambaa vyangu vya kichwa. Kesho ukiitaka nitakupa, ukisome kile Kiingereza chake kikavu. Lakini kabla ripoti haijaandikwa, mimi nilikuwa nimeshaandika yangu kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania: ndugu yetu Aidani ametutoka ghafla, moyo. Unajua msiba wetu ulivyo. Nyumba hii ilijaa, viatu mpaka barabarani, masufuria ya kukodi, watu wametoka Dallas kwa magari matano. Na kila anayeingia anakushika mkono na kuuliza lilelile, kwa heshima, sauti ya chini: ilikuwaje? Nikawa najibu: presha, hakuwa anapima. Wakatikisa vichwa. Wanaume wakajishika vifua. Wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa.

Ya Mungu haina makosa. Yangu je?

Wewe ulikuja kutoka Richardson na macho yamevimba, ukanikumbatia pale mlangoni, ukasema kama usingekuwa na mtihani ungekuwepo. Nilikubana kifuani na moyoni nikasema asante Mungu kwa mtihani, ungelala kwenye kile kitanda wewe. Pale ndipo nilipotakiwa kukuambia. Badala yake nikakupa kazi ya kugawa maji ya kunywa.

Na uongo, mwanangu, haukai ulipouweka. Bibi yako Muheza aliambiwa mwanawe kafa kwa moyo, basi tangu siku hiyo kila Jumapili ananipigia, hata salamu haanzi nayo: "Umepima presha?" Ameacha chumvi. Amewaachisha chumvi na wajukuu. Wewe ukaacha kuogelea. Ulikuwa unaogelea kama samaki, na ukaacha, kwa sababu ulisema kifua kinabana ukifikiri habari za mjomba. Ukavalishwa ile mashine ya nyaya kifuani wiki nzima. Daktari akakuambia moyo wako hauna tatizo lolote, ukambishia, ukamwambia kwetu tuna historia, mjomba wangu alikufa akiwa na miaka arobaini na mmoja. Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, mkoba mapajani. Nikaitikia kwa kichwa.

Hiyo ndiyo siku ninayoionea haya kuliko zote. Kuliko hata ya boti. Ile ya boti ni ujinga, na ujinga ni wa binadamu. Lakini kukuacha uogope moyo wako mwenyewe, wenye afya, kwa miaka minne, ili mimi niendelee kuitwa bingwa kwenye simu za watu, hiyo niliifanya nikiwa macho na akili timamu.

Nilijidanganya kwamba namlinda bibi yako, atakufa akijua. Si kweli. Ilikuwa aibu, tena aibu tupu. Niliogopa kina mama kule kanisani wakisema nesi mzima kamwua mdogo wake kwa maji ya kunywa. Niliogopa macho yako. Baada ya mwezi ikawa ngumu, baada ya mwaka ikawa haiwezekani, na baada ya miaka miwili nikawa karibu kuamini mwenyewe. Kuna siku nilimsimulia mgonjwa wangu habari za mdogo wangu aliyekufa kwa moyo, na nikalia machozi ya kweli.

Ningebaki hivyo. Naapa, ningekufa nalo. Ni wewe na vitunguu vyako.

Tangu turudi kutoka Uingereza nimeivua ile kofia ya plastiki. Umeona, umeniuliza mbona alamu inalia kila nikikaanga, nikasema kofia imechanika. Haijachanika. Inalia, nafungua mlango wa nyuma, nasimama chini yake na kupepea kwa gazeti kama mwendawazimu mpaka inyamaze yenyewe. Samaki wanaungua. Basi waungue.

Sikuambii usiende. Nilitaka, wiki iliyopita nilifika mpaka mlangoni kwako na maneno mdomoni. Lakini nimekuona ukiongea na yule aliyekuuzia boti, ukimwuliza habari za unene wa chuma na umri wa betri na bomba la moshi la jiko lilisafishwa lini, na nikasikia Aidani anaongea ndani ya mdomo wako. Siwezi kukunyima hicho. Ndicho alichoacha hapa duniani, hakuacha mtoto mwingine. Jiko lako hilo la makaa litakupa joto, na litakutafuta. Injini itakutafuta. Hata boti ya jirani iliyofungwa ubavuni mwako, na jenereta yake, itakutafuta. Unalijua bomba, unajua tundu za hewa ni za nini, unajua hizo tundu haziguswi hata barafu ikishika maji. Sasa jua na mkono wako, huo uliourithi kwangu, ule unaonyamazisha kitu bila kugeuka kukitazama. Huo ndio ninaouogopa kuliko jiko.

Na siku ukiumwa kichwa humo ndani, usinipigie. Nakuomba. Mimi nitakuambia unywe maji ulale, nitasema kabla sijajijua, ulimi wangu umezoea. Toka nje kwanza, hata kama ni mvua, hata kama uko uchi, simama ukingoni upumue. Ndipo unipigie. Nitakuuliza swali la pili na la tatu, nimejifunza, kwa bei ambayo hata adui simtakii.

Bibi yako bado hajui. Yeye nitampigia Jumapili hii, atakaponiuliza presha. Sijui nitaanzaje. Labda atanilaani, ana haki, alimzaa. Nilitaka wewe ujue kwanza, kwa sababu wewe ndiye unayewasha jiko.

Sasa nikuambie nilichopanga, ucheke kama unaweza. Nilipanga kuitia hii barua kwenye mkoba wa kompyuta yako, uisome ukiwa juu angani, mimi niko huku chini, salama. Nimeitia. Nimefunga zipu. Nimerudi kukaa, nikajisikia kama pale Corsicana. Nimenyanyuka nimeitoa. Nitaipitisha chini ya mlango wa chumba chako, uikanyage ukiamka.

Ndege ni saa kumi jioni, tunatakiwa kutoka hapa saa sita. Kuanzia alfajiri nitakuwa jikoni. Ukitaka kunifokea njoo unifokee, muda upo, utumie wote, sitajitetea na sitalia ili unihurumie. Ukitaka kuniuliza, uliza, hata lile la kwamba aliteseka au hakuteseka, nitakujibu kama nesi na si kama mama. Na kama hutaki kuniona, agiza gari, toka na masanduku yako kwa upande wa gereji. Ule mlango una kelele, nitausikia ukipanda na nitausikia ukishuka. Sitatoka kukuzuia. Nenda ukaishi.

Mama yako